Nani Anakushikia Mtoto?

  Nyie mnaosoma huku mnanyonyesha, simu mkono mmoja na mtoto mkono mwingine, poleni na hongereni, maana hata hapa naandika huku mdogo wangu kalala kifuani na mkono umeshakufa ganzi.

Wiki iliyopita tulimaliza habari za homa za watoto, na mwishoni nikachomekea kwamba nimeanza kusoma shahada ya uzamivu, ile ya juu kabisa, katika elimu ya kimataifa, na kazi sijaacha. Jamani! Meseji zilizoingia sijawahi kuziona, hata siku ile ya mada ya kitovu cha mtoto hazikufika hapo. Leo nawajibu.

Swali la kwanza: "Kwa hiyo unesi basi, unakuwa daktari?" Hapana. Huu ni udaktari wa vitabu. Wodi ya wazazi nipo, na zamu zangu ni zile zile. Nimeshamweleza mama mkwe mara tatu, lakini Ifakara nzima inajua mkwe wake anasomea kupasua watu. Nimeacha.

La pili: "Elimu ya kimataifa ndo nini, zile shule za Kiingereza za watoto wa wenye hela?" Hapana pia. Nitafika huko.

La tatu ndilo mlilouliza kuliko yote: "Sasa nani anakushikia mtoto?"

Niseme ukweli, mara ya kwanza liliniudhi. Pale kazini kuna kaka mmoja wa maabara naye anajiendeleza, ana watoto watatu wadogo, na sijasikia hata mtu mmoja akimuuliza nani anamshikia. Nikaandika jibu kali, kisha nikalifuta. Maana nilikumbuka kwamba swali hilo hilo ndilo lililonipeleka shule.

Ilikuwa mwanzoni mwa 2022. Binti wa miaka 17 alijifungua usiku kwenye zamu yangu. Simtaji jina wala alikotoka, na haya machache nayasema kwa ruhusa yake. Uzazi ulikwenda salama, mtoto akalia vizuri, uzito wa kutosha. Asubuhi wakati namsaidia kumweka mtoto kwenye ziwa, akaniambia alikuwa Fomu 3. Mimi nikafurahi, nikajiona nina habari njema. Maana tarehe 24 Novemba 2021 Serikali ilikuwa imetangaza kwamba wasichana wanaojifungua wataruhusiwa kurudi kwenye shule zao. Nikamwambia, "Mwanangu, usilie, siku hizi unarudi shule."

Akanitazama, akasema, "Najua, Sista. Nani atamshika?"

Nikasema tu, "Mungu atasaidia," nikaenda kuandika ripoti.

Alirudi kliniki mtoto ana miezi 9, chanjo ya surua na rubela. Nikamuuliza shule. Hajarudi. Mama yake anauza mboga, anaondoka saa 10 alfajiri. Bibi haoni vizuri. Mwanaume kaondoka zamani. Mlango wa shule ulikuwa wazi kabisa, lakini yeye alikuwa na mtoto mgongoni na hapakuwa na mtu wa kumpa.

Hilo lilinikaa. Wasichana wa namna hii nawaona kila wiki, na sio macho yangu tu. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa 2022 ulikuta kwamba kati ya kila wasichana 100 wa Tanzania wenye miaka 15 hadi 19, 22 walishapata mimba. Ule wa 2015-16 ulisema 27. Kwa hiyo imepungua, tunashukuru, lakini bado ni zaidi ya mmoja kati ya watano. Nikajiuliza: sisi wa wodini tunampokea, tunamzalisha, tunamshona, tunampa kadi ya kliniki, halafu? Nani anafuatilia ile "halafu"?

Ndipo nikaanza kutafuta pa kuisomea. Digrii ya kwanza na ya pili nilikuwa nazo, ya pili ikiwa ya ualimu wa afya. Nikapata chuo kimoja cha Uingereza kinachofundisha kwa mtandao watu walioko kazini. Miaka miwili ya mwanzo ni kozi, inayofuata ni utafiti na kuandika kitabu chako. Sehemu ya ada wamenisamehe, iliyobaki nalipa kwa awamu, na kikoba chetu cha manesi kinajua jinsi ninavyokisumbua.

Sasa elimu ya kimataifa ni nini? Kwa lugha ya jikoni: unatazama nchi mbili au zaidi zimelishughulikiaje jambo moja la elimu, halafu unauliza kwa nini huku limeota na kule limekauka. Mimi natazama hili la wasichana wenye watoto. Kenya waliweka mwongozo wa kuwarudisha shule tangu 1994. Zanzibar waliruhusu 2010. Sisi Bara, Kanuni za 2002 ziliruhusu mwanafunzi kufukuzwa kwa kosa la maadili au kwa kuolewa, na mimba ikawa inahesabiwa humo, mpaka tulipofika 2021. Ukisikia hivyo unaweza kusema basi tuchukue vya Kenya tubandike, kazi imeisha. Lakini hata Kenya, miaka mingi baada ya 1994, wasichana wengi walikuwa bado hawarudi, na mwaka 2020 ikabidi watoe mwongozo mpya.

Kwenye masomo nimekutana na Mwingereza mmoja wa zamani, Michael Sadler, aliyetoa hotuba mwaka 1900 kuhusu kujifunza kutoka elimu ya nchi nyingine. Hoja yake, kwa maneno yangu mimi nesi, ni kwamba usiangalie shule peke yake, angalia na yaliyo nje ya kuta zake, maana hayo yana nguvu zaidi. Nilisoma hapo nikafunga kompyuta nikacheka peke yangu. Yule binti alishaniambia hayo akiwa kitandani, kwa maneno mawili.

Basi nikaanza. Mkubwa wangu yuko darasa la pili, mdogo alikuwa na miezi 10.

Msidhani mambo yalikuwa laini. Darasa la mtandao lilikuwa saa 2 usiku kwa saa zetu. Mwisho wa Oktoba nikaingia saa 2 kamili, kimya. Nikasubiri dakika kumi, nikajua mwalimu kaumwa, nikafurahi, nikalala. Kumbe Uingereza wanarudisha saa zao nyuma kila mwisho wa Oktoba, darasa lilikuwa limehamia saa 3. Wenzangu walisoma, mimi nakoroma. Hakuna aliyenikosea, taarifa ilikuwepo, sikuisoma.

Kazi yangu ya kwanza nikaiandika kwa raha, nikajua nimepiga bao. Mwalimu akarudisha na maelezo kwamba nimeandika kama ripoti ya zamu. Alikuwa sahihi! Sisi tumefundishwa kuandika kilichotokea, saa ngapi, ukafanya nini, saini. Wao wanataka kwa nini, nani kasema, na wewe unabisha wapi. Nilirudia kuiandika mtoto akiwa na homa, paji la uso likiwa kwenye shavu langu na mkono mmoja ukibonyeza herufi moja moja.

Nililala saa ngapi? Nilijidanganya. Zamu ya usiku natoka asubuhi, nalala saa mbili au tatu, naamka nasoma, mchana mtoto, jioni chakula, usiku zamu tena. Nikawa najisifu kimoyomoyo kwamba naweza.

Mpaka usiku mmoja, na hili naliandika kwa aibu lakini naliandika. Nilikuwa nimeandaa sindano ya ampisilini ya mama wa kitanda cha 6. Nikaenda nayo kitanda cha 4. Nikasimama pale, nimeshamshika mkono. Nesi mwenzangu akaita kwa sauti ya kawaida tu, "Mwenzangu, huyo si ndiye mwenye mzio wa penisilini?" Faili lilikuwa na alama nyekundu. Nilikuwa nimeitazama alama ile bila kuiona.

Yule mama hakudhurika, hakuchomwa. Nilikaa chini mikono inatetemeka. Asubuhi nikamweleza mfawidhi wa wodi mwenyewe, nikaandika taarifa kama inavyotakiwa. Nikarudi nyumbani, nikamwamsha Baba watoto, nikamwambia, "Naacha shule."

Hakusema niache wala nisiache. Akauliza, "Tatizo ni shule au ni usingizi?" Tukachukua karatasi tukaandika kila kinachofanyika nyumbani kwa wiki na nani anakifanya. Mama zangu, fanyeni hilo zoezi siku moja. Karatasi ilijaa jina langu, ikafuata jina la dada wa kazi. Lake yeye lilitokea mara nne, na mbili kati ya hizo ni kununua gesi na kulipa luku. Sikumsema. Aliiangalia mwenyewe muda mrefu.

Tulivyopanga ni hivi. Siku niliyotoka zamu ya usiku sifungui kitabu, nalala, basi. Nasoma siku za kupumzika, na saa 10 mpaka saa 12 alfajiri kwa wiki za zamu ya asubuhi. Chuoni niliomba kupunguza kozi, nichukue moja kwa muhula badala ya mbili. Nitachelewa kumaliza mwaka mzima. Nachelewa vizuri tu. Na Baba watoto akachukua jioni tatu kwa wiki: kuogesha, kulisha, kulaza. Wiki ya kwanza mtoto alilala na nguo alizoshindia. Sikusema kitu, niliuma ulimi.

Nilidhani jibu la swali lenu ndiyo hilo: mume anasaidia, mambo safi. Lakini bado kuna kitu kwenye ile karatasi.

Jina la pili kwa wingi, dada wa kazi. Ana miaka 20. Anaamka nikiamka, analala nikilala. Nikiwa darasani usiku, ndiye anayetembea na mtoto sebuleni asilie. Siku moja nasoma alfajiri kuhusu wasichana walioacha shule, nikasikia anamwimbia mtoto kule chumbani, na mkono wangu ukasimama. Kakaa kwangu mwaka na nusu. Sikuwahi kumuuliza aliishia wapi.

Nilimuuliza asubuhi ile, tunachambua mchicha. Fomu 2. Mama yake aliumwa, yeye ndiye mkubwa, akabaki kumuuguza na kulea wadogo zake. Mama alipopona, nafasi ilikuwa imeshapita na hela haikuwepo. Akasema bila kinyongo, kama anayeniambia bei ya nyanya.

Yaani mimi nilikuwa naandika kuhusu wasichana walioacha shule kwa kukosa wa kuwashikia majukumu, huku nikiweza kuandika kwa sababu msichana aliyeacha shule kanishikia mtoto wangu. Sikulala mchana ule, na safari hii haikuwa sababu ya zamu.

Nilimuuliza kama anataka kurudi. Alikaa kimya siku mbili, akaja akasema, "Mama, kama inawezekana." Tukafuatilia. Wengi hamjui hili, kwa hiyo shikeni: aliyekatisha sekondari ana njia mbadala, sio lazima arudi kukaa na watoto wa miaka 14. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ina utaratibu wa sekondari ambao Fomu 1 na 2 zinasomwa mwaka mmoja, Fomu 3 na 4 mwaka unaofuata, halafu unafanya mtihani wa taifa kama mtahiniwa wa kujitegemea. Ulizeni ofisi ya elimu ya wilaya yenu, watawaelekeza kituo. Na kwa binti aliyeacha kwa mimba anayetaka kurudi shule ya kawaida, tangazo lile la 2021 linamhusu. Mzazi nenda naye kwa mkuu wa shule, usimtume peke yake.

Dada yetu akaanza. Anasoma Jumamosi na jioni mbili. Na hapo ndipo nilipojijua. Kumlipia ada lilikuwa jambo jepesi. Zito lilikuwa kumpa muda. Jumamosi ya tatu tu, nilikuwa na kazi ya kuwasilisha, Baba watoto kasafiri, mtoto ana mafua. Nikamwambia, "Leo usiende, wiki ijayo utaenda." Akasema sawa. Akavua viatu.

Viatu vile viliniuma. Nilifanya kitu kile kile, kwa sauti ya upole. Jioni nilimwomba msamaha, akasema haina neno, lakini neno lilikuwepo. Tangu hapo Jumamosi yake haiguswi. Nikikwama, nampigia wifi yangu, au nachelewesha kazi yangu na kuomba siku za nyongeza chuoni. Chuo kinaweza kunipa wiki moja. Yeye ameshangoja miaka 5.

Hajawa mtu wa kwanza darasani. Hisabati inamtesa, mtihani wa kwanza alipata 18. Tunakaa naye mezani saa 10 alfajiri, mimi na makala yangu, yeye na vipeo vyake, chai katikati. Mkubwa wangu akiamka anatukuta, anauliza, "Nyie mmepewa homuweki na nani?"

Sasa majibu kwa wenzangu mnaofikiria kujiendeleza huku mna kazi na watoto.

Moja, kabla ya kuuliza ada, uliza saa. Andika ile karatasi. Kama huoni saa 10 au 12 kwa wiki ambazo sio za usingizi, subiri muhula mmoja, tafuta mtu wa kuzibeba, kisha anza. Kusubiri sio kushindwa.

Mbili, usile usingizi wako, hasa kama kazi yako inagusa roho za watu. Nesi, dereva, mlinzi, anayekaa na watoto wa watu: uchovu hauonekani kwa mwenye nao.

Tatu, kama unanyonyesha, haki zako zijue. Likizo ya uzazi kisheria ni siku 84, na 100 ukijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Ukirudi kazini, mwajiri anatakiwa kukuruhusu muda wa kunyonyesha, mpaka saa mbili kwa siku. Maziwa uliyokamua kwenye chombo safi chenye mfuniko yanakaa nje ya friji kama saa nne kama chumba ni cha ubaridi. Kwa joto la huku kwetu Morogoro usingoje zifike, na kwenye friji yanakaa mpaka siku nne. Miezi 6 ya mwanzo maziwa tu, hata maji hapana. Masomo hayabadilishi hilo.

Nne, anayekushikia mtoto ni mtu. Muulize aliishia wapi. Sisemi kila mmoja ataweza kumsomesha, najua mishahara yetu. Lakini muulize.

Na nyie mama zangu wakubwa, wenye binti aliyeleta mtoto nyumbani. Najua iliuma. Najua maneno ya majirani. Nimewaona mkija wodini mmenuna, na nimewaona mkimpokea mjukuu uso ukabadilika. Miezi michache ya wewe, au baba yake, au kaka yake kumshika huyo mtoto asubuhi mpaka mchana inaweza kuwa ndiyo tofauti kati ya binti kumaliza na kutomaliza. Mpelekeni kliniki kwanza, siku ya 42 msiikose, aongee na nesi na kuhusu uzazi wa mpango. Halafu mvalisheni sare.

Yule binti wa 2022, kwa mnaotaka kujua: hakurudi shule ile. Mwaka jana alinipigia, mtoto kaanza chekechea, asubuhi zake zimefunguka. Nikampa ile ile namba ya kituo anachosoma dada yetu. Kaenda mara moja kuulizia. Bado hajaanza, anatafuta hela ya kuanzia, na kikoba chetu kinalizungumza hilo Alhamisi.

Kwa leo niishie hapo, mtoto anaamka na zamu yangu inaanza usiku. Sehemu ijayo tunarudi kwenye uji na chakula cha mtoto wa miezi 6, mmenidai sana. Lakini kabla hamjaondoka, niambieni hapo chini: wewe ulipotaka kusoma, nani alikushikia mtoto? Kama hakupatikana, andika na hilo pia. Nitasoma yote nikitoka zamu.

Nikishalala, lakini.